Torati Dukani kwa Fundi Cherehani

Mchungaji Elikana tulimzika siku ya Alhamisi, nyumbani kwao karibu na Sondu, na katika wote waliosimama kumzungumzia hakuna hata mmoja aliyetaja mwaka ninaoujua mimi. Walitaja makanisa aliyoyafungua, watoto aliowabatiza, suti za maarusi alizozishona mpaka vidole vikapinda. Nilikuwa nimeketi kwenye hema la wazee, maana siku hizi huko ndiko ninakowekwa, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu. Katikati ya hotuba akaja mama mmoja mrefu, akavuta kiti karibu nami, akanishika mkono bila salamu. Alikuwa Rispa. Miaka ishirini hatujaonana, na uso wake ulikuwa umekauka kama wangu, lakini kile kidevu cha mtu asiyeogopa kuuliza kilikuwa pale pale. Tukamsikiliza msemaji mmoja, tukamsikiliza wa pili. Kisha akaninong'oneza, "Hawajui." Nikamwambia, "Hawajui." Akanibana vidole. "Wewe ndio ulikuwa unaandika siku hizo. Basi andika."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ya kuitwa chuo cha ualimu, barua iliyochukua mwaka mzima kufika. Mchungaji na mkewe, Mama Doroka, walinipokea nyumbani kwao Manyatta, Kisumu, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye sebule ndogo iliyojaa viti vikubwa. Kila kiti kilikuwa na kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na ole wake mgeni atakayeinuka na kitambaa kimemng'ang'ania mgongoni, kwa sababu Mama Doroka alikuwa anamfuata hadi mlangoni kukidai. Siku za kazi Mchungaji alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa kibanda cha mabati pembeni mwa soko la Kibuye, na humo ndimo alimopata riziki, kwani kanisa letu halikuwa na uwezo wa kumlipa mtu. Jumamosi alivaa kanzu na kuhubiri. Lilikuwa kanisa dogo, lililoanzishwa na marehemu baba yake baada ya kutofautiana na wakubwa wa kanisa lake la kwanza, na lilijivunia jambo moja kuliko yote: kwamba sisi tulishika Torati. Tulipumzika Sabato. Hatukula nguruwe. Hatukula mumi, yule kambare mwenye ndevu, wala samaki mwingine asiye na magamba, na kwa watu wa ziwani hiyo si sadaka ndogo. Nilikua nikiamini kwamba wengine wanachagua wanayoyataka katika Maandiko, na sisi tunayatii yote.

Nakumbuka chakula cha nyumba ile kuliko mahubiri. Ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi kama udongo wa Nyakach baada ya mvua. Mrenda, ile mboga inayoteleza, uliopikwa na magadi. Omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Na siku ya Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, samaki ngege mzima kwenye sufuria, kichwa chake kikiwa haki ya Mchungaji. Tulikula pamoja mezani, jambo ambalo halikuwa la kawaida nyumba nyingi, na tukiwa tunakula watu waliingia na kutoka na shida zao. Nilijifunza kukaa kimya na kusikiliza huku nikijifanya kuchambua mifupa ya samaki. Mzee aliyekuwa karani wa baraza la kanisa alipopatwa na kiharusi na mkono wake wa kulia ukalala, Mchungaji alinitazama siku moja juu ya sahani yake akasema, "Nyathina, wewe una mwandiko mzuri. Utatuandikia kikao." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na hakuwahi kuniita vinginevyo. Hivyo ndivyo msichana alivyoingia katika baraza la wazee saba. Lakini niliingia kama kalamu. Wanawake hawakusema barazani wala kanisani, na hiyo pia tuliihesabu kuwa sheria.

Shauri la Rispa lilikuja mwishoni mwa mwezi wa tatu. Rispa aliuza omena pale pale Kibuye, na mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia watoto wanne na nyumba ya mabati Pap Onditi, katika boma la ukoo wa mume. Watoto waliishi huko na bibi yao; mama yao alikwenda kila alipoweza. Upepo wa mwanzo wa masika ulikuwa umeling'oa paa la ile nyumba na kulitupa shambani. Kanisa letu lilikuwa na desturi nzuri: mjane akiangukiwa na nyumba, wanaume wa kanisa walikwenda na misumari na nyundo wakaijenga. Rispa aliomba hilo tu. Lakini kwa mila za kwetu nyumba ya mjane haiguswi, na hata mbegu haziwekwi ardhini, mpaka mwanamume wa ukoo amrithi. Anayevunja mwiko huo hufuatwa na chira, laana inayokondesha watu mpaka wafe. Na shemeji yake Rispa, Zablon, alikuwa mmoja wa wazee saba.

Nataka kumtendea Zablon haki, kwa sababu kwa miaka mingi nilimsimulia vibaya. Hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa seremala, mpole, mwenye mke na watoto wake, na siku ndugu yake alipokuwa anakata roho hospitalini alimshika mkono akamwahidi kwamba nyumba yake haitakufa. Barazani, sebuleni kwa Mchungaji, alisimama na Biblia mkononi. "Wazee, mnisikie. Mimi sisemi mambo ya chira. Hayo niliacha nilipookoka. Mimi nasema Torati. Musa amesema ndugu wawili wakikaa pamoja na mmoja akafa, mke wa marehemu asiolewe nje. Ndugu amchukue, ainue jina la mwenziwe. Sisi ni kanisa la Torati ama si kanisa la Torati? Mumi tumeacha kwa sababu imeandikwa. Na hii pia imeandikwa." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Onesmo, aliyewazidi wote umri, akasema hata hajui kwa nini shauri limeletwa, jibu lake lipo wazi. Mimi nikaandika: baraza limekubali. Kalamu haikunilemea. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo, jinsi kalamu ilivyoteleza.

Rispa akaitwa kutoka jikoni, alikokuwa anamsaidia Mama Doroka kuosha vikombe. Akasimama mlangoni, mikono yake ikiwa bado na povu, akasomewa uamuzi. Tulitazamia aseme ahsante wazee, kisha aondoke. Badala yake akasema, "Naweza kuuliza?" Mzee Onesmo akaanza kukataa. Mchungaji akainua kidole kidogo tu. "Uliza, mama."

"Baba Mchungaji, hiyo kanzu ya kwaya ulishona na kitambaa gani?"

"Pamba," akasema Mchungaji. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi na hakuweza kudanganya juu ya kitambaa, akaongeza, "Pamba na nailoni."

"Torati inasema nini juu ya nguo ya nyuzi mbili?"

Wote tulijua inaikataza. Nje jirani alikuwa anatwanga kitu, na nilisikia kila pigo la mchi.

"Na Mzee Onesmo, unisamehe baba, ndevu zako za pembeni nani alinyoa? Hiyo pia iko. Mume wangu ndio alinisomea, tukacheka." Hakuwa anacheka sasa. "Mimi sisomi sana. Lakini naona sheria ya ndevu iliisha, sheria ya nguo iliisha, na hakuna mtu alipiga kelele. Yangu tu ndio haijaisha. Nataka kujua nani huwa anazimaliza. Niende nimpigie magoti, amalize na yangu."

Zablon akasema, kwa uchungu wa kweli, "Shemeji, mimi ni mzigo kwako?" Akamjibu bila ukali, "Wewe si mzigo. Lakini mimi si shamba." Akarudi jikoni. Tulisikia vikombe vikigongana.

Mtu mwingine angekasirika. Nimewaona wachungaji wengi tangu wakati ule, na wengi wao wangesimama juu ya heshima yao na kumfunga mdomo. Mchungaji Elikana alikaa akitazama mkono wa shati lake, akakisugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyofanya fundi anayepima bei. Kisha akaniambia, "Nyathina, kata hiyo uliyoandika. Andika: baraza limeulizwa swali, halina jibu." Zablon akainuka akaondoka bila chai.

Kesho yake asubuhi, wakati wa kwenda dukani, Mchungaji akaniambia nichukue Biblia kubwa. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa kutunga uzi miaka thelathini. Herufi ndogo zilimshinda. "Utanisomea Torati," akasema. "Yote. Usiruke hata ile ya ukoma. Nataka kujua tunavyochagua."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na tuliendelea kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Agosti. Mimi nilikaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, yeye kwenye cherehani, na kati yetu kulikuwa na meza ya kukatia yenye mikwaruzo ya makasi. Wateja walikuja kupimwa, wakakuta nikisoma juu ya upele na ukungu wa ukutani, wakafikiri tumerogwa. Joto la mabati lilitushukia, harufu ya samaki ya sokoni ikaingia, na kutoka kibanda cha jirani redio iliimba. Pedali ilikwenda mbio mradi ninachosoma kilikuwa cha kawaida. Iliposimama, nami nilisimama. Alikuwa ananiambia, "Rudia," nami nikarudia, na alikaa mkono ukiwa juu ya gurudumu, akitazama nje. Nilikuwa na daftari la kuandika kila sheria, na mbele yake neno moja: tunaishika, hatuishiki. Kufikia Mei safu ya hatuishiki ilikuwa imejaza kurasa nzima.

Siku moja nilisoma ile inayokataza kuvuna shamba hadi ukingoni, ili maskini na mgeni wapate pa kuokota. Pedali ikasimama. "Hii mbona hatukuifanya sheria ya kanisa?" akauliza. Nikasema sijui. "Mimi najua," akasema. "Inagusa shamba la mwenye shamba." Siku nyingine tulikuta kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Kisumu nani anatembea juu ya paa? Hii nayo tutaishika vipi?" Nami, bila kufikiri, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemvuta mtoto wa muuza nyanya kutoka ukingoni mwa shimo lililoachwa wazi nyuma ya vibanda, nikasema, "Labda tufunike shimo." Alinitazama mpaka nikaona haya. "Sema tena." Nikasema tena. Akaondoka kwenye cherehani akiwa na futi ya kupimia shingoni, akatafuta mbao, akawaita wenye vibanda wawili, na kabla ya saa sita shimo lilikuwa limefunikwa na kupigiliwa misumari. Aliporudi alikuwa na udongo hadi magotini. "Leo tumeishika," akasema. "Sheria ya paa. Andika tunaishika."

Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne, na sidhani nimewahi kupata somo bora kuliko lile. Nilielewa siku ile kwamba sheria ya kale inaweza kuwa hai kabisa hata pale maneno yake hayana pa kukaa, na kwamba inaweza kufa mikononi mwa anayeitimiza neno kwa neno. Lakini ningekuwa mwongo nikisema mambo yalikuwa rahisi hivyo. Yeye mwenyewe aliogopa. "Nikianza kusema hii ilikuwa na maana ile," aliniambia, "kesho mtu atasema hata kuiba kulikuwa na maana nyingine. Mtaro ukifunguliwa, maji hayaulizi njia." Kwa hiyo hakukurupuka. Alipima kila moja kama anavyopima kiuno cha mtu, mara mbili, kabla ya kukata.

Nyumbani alimweleza mkewe mezani tuliyoyasoma. Mama Doroka alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini yakitoka yalikuwa yanabeba mzigo. Jioni moja alisema, huku akimwongezea mboga, "Baba yako hakuwa anakula mumi hata kabla hajajua kusoma."

"Unasema nini?"

"Mama mkwe aliniambia. Alipokuwa mtoto, mumi alimchoma mkono na ule mwiba wa pezi. Mkono ukavimba miezi miwili, wakafikiri utakatwa. Tangu hapo akachukia hata harufu. Alipojifunza kusoma na kukuta imeandikwa, alifurahi sana. Lakini chuki ilitangulia."

Mchungaji aliweka tonge chini. Nilidhani ameumia kwa ajili ya baba yake. Baadaye akatabasamu kidogo. "Mimi sitakula mumi," akasema. "Nimezoea, na nampenda baba yangu. Lakini sitamfungia mtu mlango wa Mungu kwa mwiba wa samaki."

Kisha tukafika kwa wale mabinti watano waliofiwa na baba asiye na mwana wa kiume, wakasimama mbele ya Musa na wazee wote kudai urithi ambao sheria haikuwapa. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi bila kuisikia. Pedali ilisimama na haikuanza tena siku ile. "Musa hakuwajibu," akasema Mchungaji. "Umeona? Sheria imepita mikononi mwake, na wanawake wakamuuliza, akasema ngojeni nikaulize. Na akaambiwa wanawake wanasema kweli." Akavua miwani akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu kabla sijauliza."

Akaenda kuuliza. Alikwenda kwa Rispa kwenye banda lake la omena, akaketi juu ya debe lililogeuzwa, akamuuliza anataka nini, nami nikiwa nimesimama na daftari. Rispa alisema anataka paa, apande mahindi, watoto wake waitwe kwa jina la baba yao, na asilale na mwanamume ambaye hakumchagua. Alisema kwa utaratibu huo, kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Akaenda pia kwa Zablon, kwenye karakana yake, na huko alikaa muda mrefu kuliko kwa Rispa. Niliwasikia. Zablon alimweleza habari za hospitalini, ule mkono, ile ahadi. "Nitamwambia nini ndugu yangu?" aliuliza. Mchungaji akamwambia, "Uliahidi nyumba yake haitakufa. Tukaijenge." Zablon akatikisa kichwa. "Mnajenga nyumba na kuvunja Torati hapo hapo," akasema. Waliagana kwa heshima, wote wawili macho mekundu.

Wazee walibishana vikao vinne. Mwishowe wanne walikubali na watatu wakakataa, na uamuzi ukaandikwa. Ulisema kwamba sheria ile ilitolewa ili mjane asitupwe na jina la marehemu lisipotee. Kwamba mjane ndiye iliyemlinda. Na kwamba haiwezi kutumiwa kumlazimisha yule yule iliyemlinda. Kanisa lingemjengea. Atakayetaka kurithiwa kwa hiari yake, hilo ni lake na ukoo wake. Niliandika mara tatu mpaka maneno yakakaa sawa. Ijumaa ile Mchungaji akaniambia, "Kesho utausoma mwenyewe kanisani."

"Baba, wanawake hawasomi kanisani."

"Tuliifikia hiyo pia," akasema, "wakati wewe unadhani tunasoma juu ya mabinti watano."

Nilivaa sketi yangu ya bluu. Nilisimama mbele ya watu ambao baadhi yao walinijua tangu nikiwa mgongoni, nikaiweka karatasi juu ya meza, nikaanza. Nilipofika sentensi ya pili Zablon akainuka. Hakupiga kelele. Alimshika mkewe mkono, wakapita katikati ya viti pamoja na watoto wao, na nyuma yao akainuka Mzee Onesmo, kisha familia nyingine, kisha nyingine, hadi mabenchi ya upande wa kulia yakabaki na vitabu vya nyimbo tu. Kanisa alilolijenga baba yake Mchungaji lilikuwa linatoka mlangoni mbele ya macho yake. Nikaweka kidole pale nilipofikia. Nilimgeukia Mchungaji nikitamani aniambie niketi. Uso wake ulikuwa umelowa. "Endelea, nyathina," akasema. "Waliobaki wanasikia."

Nikaendelea hadi mwisho.

Jumanne tulikwenda Pap Onditi. Wanaume walikuwa watano tu, maana waliobaki kanisani si wote waliokuwa na ujasiri wa kuligusa lile paa. Seremala wetu alikuwa Zablon, na Zablon hakuwepo; kwa hiyo aliyepanda ngazi kwanza alikuwa fundi cherehani wa miaka zaidi ya hamsini, macho mabovu, nyundo aliyoiazima mkononi. Majirani walisimama nje ya ua wa minyaa wakitazama. Hakuna aliyetusalimia. Bibi wa watoto alikuwa amejifungia ndani ya nyumba yake. Mimi na Rispa tulipitisha mabati, yaliyokunjwa na upepo kisha yakanyooshwa kwa mawe, na kila Mchungaji alipopigilia msumari mmoja nilisikia mama mmoja nje akivuta pumzi, kana kwamba anangoja mtu adondoke.

Adhuhuri akaja Zablon. Aliingia bomani peke yake akasimama katikati ya ua, mikono imelegea. Watu wa nje wakasogea. Mchungaji alikuwa juu, misumari mdomoni, hawezi kusema. Zablon hakumtazama. Alimtazama Rispa.

"Kwa hiyo mimi ni nani katika nyumba ya ndugu yangu?"

Rispa aliweka bati chini. "Wewe ni baba mdogo wa watoto wangu," akasema. "Hiyo hakuna mtu amekunyang'anya. Okoth anaanza kidato cha kwanza Januari, na hana mtu wa kumpeleka siku ya kwanza. Mimi nilifikiri ni wewe."

Zablon aliliangalia lile paa mara moja. Halafu akageuka akaenda zake. Hakurudi kanisani kwetu kamwe; alianzisha lake, na mpaka leo lipo. Lakini Januari alifika akiwa amevaa koti, akabeba sanduku la Okoth begani, akampeleka shuleni, na akafanya hivyo kwa kila mmoja wa wale wanne. Wala mimi sikuwahi kumsikia Mchungaji akisema neno baya juu yake.

Siku iliyofuata ile ya kuezeka paa, Rispa alipanda, akiwa wa kwanza bomani, mbegu za mvua za vuli, na watu wakakaa kungoja chira. Mtoto wake mmoja alipata homa Oktoba, na kwa siku tatu Mchungaji hakula. Tulijua anajiuliza kama ameua mtoto wa watu kwa kusoma vibaya. Mtoto akapona. Nilimuuliza Mchungaji basi, kwa ujinga wa ujana, kama sasa ana hakika. "Hapana," akasema. "Angepona hata kama nimekosea. Na angekufa hata kama niko sawa. Huwezi kusoma Maandiko kwa homa ya mtoto." Nimekutana na watu wenye hakika nyingi maishani. Sijampata mwingine aliyesimama imara hivyo bila hakika.

Barua yangu ya chuo ilifika Novemba. Wiki yangu ya mwisho tulikuwa dukani, tumerudi mwanzo, kwa sababu alisema mara ya kwanza tulisoma tukitafuta jibu la mtu mmoja. Alikuwa anashona sare za shule, pedali ikienda mbio, nami nikisoma. Kivuli kikaanguka juu ya ukurasa. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, mgeni kabisa, miguu yake ina vumbi la safari ndefu. Alitoka Bondo, alisema, na alikuwa ameulizia njia soko zima. Mchungaji akamuuliza ameleta nguo gani. Hakuwa na nguo. Hakuwa na kitambaa mkononi. Alisema amesikia kwamba hapa kuna mtu anayeulizwa.

Mchungaji alisimamisha cherehani. Nami, nikijua sasa kazi yetu, nilianza haraka kufunua kurasa kutafuta mahali panapohusu wajane. Akaunyoosha mkono wake juu ya meza ya kukatia, akauweka juu ya kitabu.

"Funga kwanza," akaniambia. "Mpe mama kiti. Tutafungua tukishamsikia."